Mazoezini nafunga, kwenye mechi kichwa kinaanza kuongea. Mnakinyamazishaje?

#1 Dada wa GS
Wakuu habari. Nacheza netiboli timu ya wizara (sitaitaja), namba yangu GS (mfungaji). Mazoezini sikosi kirahisi, hata niwekewe GK (mlinzi wa goli) mrefu. Tukienda SHIMIWI (mashindano ya wizara na idara za serikali) robo ya kwanza naanza vizuri, halafu nikikosa moja tu, kichwani inawashwa redio: "Umekosa. Watu wote wameona. Usikose tena. Usikose. Mkono huo unatetemeka."

Waliocheza netiboli wanajua, una sekunde 3 tu za kukaa na mpira. Mlinzi kanyoosha mikono usoni mwangu, na mimi bado nabishana na mtu aliye ndani ya kichwa changu. Kocha ananipigia kelele "acha kufikiria!" Nimejaribu kuacha, imenishinda.

Waliowahi kucheza mashindano, mchezo wowote ule: hiyo sauti mnaifanyaje? Na tafadhali msiniambie nijiamini. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu, hadi dereva wa basi letu.

#2 Mzee wa Siti ya Nyuma
Nimevuta kiti, nasubiri wataalamu. Pole dada.

#3 Kipa_Mstaafu
Kocha wako ndiye anayeongeza tatizo. Kuna mwanasaikolojia Mmarekani, Daniel Wegner, mwaka 1987 aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia kweli kweli. Kadiri unavyokikataza kichwa kitu, ndivyo kinavyolazimika kukichungulia ili kihakikishe hukifikirii. Sasa wewe unajiambia "usikose". Ndani ya hilo neno kuna nini? Kukosa.

Nikiwa golini sikuwahi kuinyamazisha. Niliipa kazi. Adui akija na mpira nilikuwa najisemea "mpira, mpira, mpira" mpaka anapiga. Redio inaendelea kuongea, ila stesheni nachagua mimi.

#4 Mvuta Kamba
Mkuu #3 mimi dubu mweupe sijawahi kumwona hata kwenye picha nikamjali. Tangu nimesoma posti yako nimekaa naye ofisini hapa, anakula karanga zangu.

#5 Kocha wa Mchangani
Kipa kaanza vizuri, naongezea. Maneno ya kujiambia mchezaji yako ya aina mbili, na watu wanayachanganya. Kuna ya hamasa ("twende", "naweza", "bado nina nguvu") na kuna ya maelekezo ("kiwiko", "tazama ringi"). Mgiriki mmoja, Antonis Hatzigeorgiadis, na wenzake walikusanya tafiti 32 mwaka 2011 wakazipima kwa pamoja. Kujisemea kunasaidia, na kwa kazi ya kulenga maneno ya maelekezo yanafaa zaidi. Pia waliofundishwa na kuzoezwa kwanza walinufaika kuliko waliopewa siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo wengi wanakwama. Mtu anasoma jambo usiku, kesho fainali analijaribu, likimshinda anasema uongo. Dada chagua neno moja, fupi, liseme kwenye kila mpira wa mazoezi, hata ukiwa peke yako uwanjani na jua la saa tisa. Kwa GS mimi huwapa "kiwiko".

#6 Mjomba Pingamizi
Napinga #5, kwa heshima. Huyu dada si mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mkono wake unajua kufunga, kasema mwenyewe. Mtu ambaye mwili umeshajua, ukimrudisha kufikiria kiwiko kiko wapi, unamharibu. Sian Beilock alilifanyia kazi hili kwa wacheza gofu: wazoefu wakitakiwa wafuatilie jinsi wanavyopiga, wanapiga vibaya. Wanaojifunza ndio wananufaika na hayo.

Kama ni neno, liwe la nje ya mwili. "Ringi". Basi. Kiwiko kitajijua.

#7 Kocha wa Mchangani
#6 hatujapishana sana. Ila mimi nina wachezaji ambao wakichoka kiwiko kinafunguka kweli, robo ya nne mpira wote unakwenda kushoto. Hao nawaambia "ringi" wanaiangalia ringi vizuri kabisa na wanakosa vizuri kabisa.

#8 Mjomba Pingamizi
Hao wanahitaji pumzi, hawahitaji neno.

#9 Kimbia Iten
Salamu kutoka Kenya. Nyinyi mna sekunde 3, sisi wa marathoni tuna zaidi ya saa mbili za kusikiliza huo upuuzi. Kufika kilomita ya 35 kichwa kimekuwa wakili: "Goti linauma. Simama tu kidogo. Hakuna mtu anakujua hapa." Hainyamazi. Anayesema yake hunyamaza bado hajakimbia vya kutosha.

Kitu nimeona kinafanya kazi ni uso. Angalieni Kipchoge, akianza kuumia anatabasamu. Ameshaeleza mwenyewe kwamba anafanya kusudi. Kuna watafiti wa Ireland ya Kaskazini walipima hilo mwaka 2018 kwa wakimbiaji 24: wakitabasamu walitumia nguvu pungufu kuliko wakikunja uso, tofauti ya zaidi ya asilimia 2. Kwa marathoni hiyo si ndogo. Mimi hulegeza taya kwanza, mabega yanashuka yenyewe, na yule wakili anapunguza sauti.

#10 Mtoto wa Kariakoo
Kipchoge habari nyingine. Ndiyo maana akaweka rekodi ya dunia kule Vienna, 1:59:40, huku anacheka.

#11 Kimbia Iten
Hiyo ya Vienna, 12 Oktoba 2019, haikuhesabiwa rekodi. Alizungukwa na wasindikizaji wanaopokezana, na gari mbele linamwonyesha mstari wa kasi barabarani. Rekodi yake rasmi wakati huo ilikuwa 2:01:39 ya Berlin 2018. Lakini kucheka alicheka.

#12 Mtoto wa Kariakoo
Wakenya kwa kusahihisha watu hamjambo.

#13 Mwalimu wa Zamu
Tusiende mbali, tuna wetu. Alphonce Simbu, marathoni ya mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025. Kilomita 42 zote, halafu dhahabu inaamuliwa kwa picha, kamzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Wote wameandikiwa 2:09:48. Mnadhani zile mita za mwisho alikuwa anajiambia neno gani? Mimi nadhani hakuna. Mtu akifikia pale maneno yameisha, miguu inakwenda yenyewe. Kwa hiyo dada, labda unahitaji kuchoka zaidi mazoezini hadi redio ikose betri.

Na kabla yake kuna John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico 1968. Kaanguka, goti limefungwa bendeji, mshindi keshapewa medali, yeye anaingia uwanjani anachechemea. Jibu lake wote tunalijua: nchi yake haikumtuma maili 5,000 akaanze mbio, ilimtuma akazimalize. Hapo kuna mtu alikuwa na jambo moja tu kichwani.

#14 Mjomba Pingamizi
Mwalimu, umejibu maswali mawili tofauti. Akhwari maneno yalimbeba, Simbu unasema maneno yaliisha. Chagua.

#15 Mwalimu wa Zamu
Sichagui. Ni watu wawili.

#16 Fundi wa Sinza
Hii mambo ya kichwa ni kweli kabisa. Asamoah Gyan, Kombe la Dunia 2010, mikwaju ya penalti na Uruguay, Afrika nzima inamtazama, kagonga mwamba Ghana ikatolewa. Unadhani mguu ulikosea? Kichwa.

#17 Kipa_Mstaafu
Fundi, rudisha mkanda nyuma. Gyan hakukosa kwenye mikwaju. Alikosa penalti ya dakika za nyongeza, mwisho kabisa, baada ya Suárez wa Uruguay kuuzuia mpira kwa mikono kwenye mstari. Ikagonga mwamba wa juu. Kisha ikaja mikwaju, na wa kwanza kwenda kupiga kwa Ghana ni Gyan yuleyule, dakika chache tu baada ya kukosa. Akafunga, juu kabisa. Ghana walitolewa 4-2 kwa sababu wenzake wawili walikosa.

Mimi hii ya pili ndiyo naiona kubwa. Redio yake lazima ilikuwa inapiga kelele kuliko uwanja mzima wa Soccer City, na mkwaju bado ukaingia.

#18 Fundi wa Sinza
Haya mzee. Lakini 2012, nusu fainali ya AFCON na Zambia, Gyan alikosa tena penalti, kipa Mweene akapangua, Zambia wakashinda 1-0 na kombe wakabeba. Hiyo unaiwekaje?

#19 Kipa_Mstaafu
Naiweka kwamba Mweene naye alikuwa na mikono. Mnasahau kuna mtu golini.

#20 Mtoto wa Kariakoo
Mané je? Fainali ya AFCON na Misri, Februari 2022, dakika ya 7 tu anakosa penalti, Salah kaenda kumnong'oneza kipa wake kabla haijapigwa. Mtu akae na hilo kichwani dakika 120 nzima. Halafu mkwaju wa mwisho anapewa yeye, anaupasua, Senegal bingwa kwa mara ya kwanza. Kuna aliyewahi kusikia alifanya nini kichwani muda wote huo?

#21 Mama Wawili GD
Nimechelewa. Nimecheza GD (mlinzi) miaka mingi, nimekaba ma-GS wa kila aina, nitawaambia upande wa pili. Sisi walinzi redio ya GS tunaiona kwa macho. Akikosa, anaangalia benchi lake. Ukiona hivyo ujue huyo ni wako, mpira unaofuata atauharakisha au atausukuma kwa vidole tu. Kuna Mnorwe, Geir Jordet, kachambua mikwaju mingi ya mashindano makubwa ya mpira wa miguu, kakuta wanaokurupuka kupiga mpira mara tu filimbi inapolia wanakosa zaidi ya wanaotulia kidogo. Wanataka tu mateso yaishe. Na GS naye ana sekunde 3, anatumia moja. Zile mbili anamwachia nani?

Halafu dada, nikuulize. Ukikosa na mpira umegusa ringi, kanuni inakuruhusu uuwahi mwenyewe ufunge. Mwai Kumwenda wa Malawi ameokota sana mipira ya namna hiyo. Wewe ukikosa unafanya nini? Nina hakika unasimama kusikiliza redio, na GK anaondoka na mpira.

#22 Dada wa GS
#21 umeniweka uchi hadharani. Ndiyo, huwa nasimama.

#23 Kocha wa Mchangani
Hiyo ya Mama Wawili niongeze: fundisha kichwa kazi ya BAADA ya kukosa, si ya kabla tu. Neno la kulenga "ringi", neno la kukosa "ruka". Mpira ukitoka mkononi tu, ruka, hata kama umeingia.

#24 Mganga Hajigangi
Mnazunguka tu na Wazungu wenu. Mtu anafunga mazoezini, kwenye mechi mkono unatetemeka. Sauti kama hiyo inatumwa. Kuna timu nazijua hazipiti mlangoni, zinaruka ukuta. Mnadhani kwa nini?

#25 Mvuta Kamba
Zinaruka ukuta kwa sababu mwenye funguo kaenda kunywa chai.

#26 Kipa_Mstaafu
Tusimcheke sana #24. Nimewahi kucheza na jamaa aliyekuwa na kitu kafunga kiunoni, alikuwa ametulia kuliko sisi wote. Kitu chenyewe sikukiamini, ila utulivu niliuona. Tatizo lilikuja siku alipokisahau nyumbani. Hakudaka hata krosi.

#27 Bint wa Mkunazini
Assalaam aleikum. Mie nacheza mpira wa mikono huku Unguja. Kabla ya kupiga penalti huvuta pumzi kwa pua, nikitoa naleta dhikri, polepole, mara tatu. Moyo unashuka. Hayo maneno mnayoyatafuta kwa watafiti wenziwenu wanayo toka udogoni, hawayatumii tu.

#28 Mwimbaji wa Kwaya
Nakubaliana na #27, mimi ni Zaburi. Mstari mmoja tu, siutaji.

#29 Mjomba Pingamizi
Sasa angalieni: pumzi ndefu ya kutoa, maneno mafupi yanayojirudia, yaliyozoeleka miaka mingi. Hayo hayo aliyosema kocha #5. Kinachofanya kazi ni pumzi na mazoea.

#30 Bint wa Mkunazini
Weye waona pumzi. Mie sipigi dhikri kwa ajili ya penalti. Penalti imekuta dhikri ipo.

#31 Mzee wa Siti ya Nyuma
Mjomba leo kakutana na saizi yake.

#32 Msomi Asiyeajiriwa
Hakuna aliyegusa hili: namna unavyojiita. Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake, 2014, waliwapa watu kazi ya kuwatia hofu, mfano kuhutubia mbele ya waamuzi. Waliojisemesha kwa jina lao au kwa "wewe" walifanya vizuri zaidi, na baadaye walijisumbua kidogo kuliko waliotumia "mimi". Ukisema "nimekosa" uko ndani ya shimo. Ukisema "Fulani, shika mpira" umekuwa mtu mwingine anayekushauri.

Angalizo: ile haikuwa michezo. Upande wa michezo kuna ya Uingereza, 2014 pia, akiwemo Samuele Marcora, watu 24 wakipedali baiskeli mpaka washindwe. Nusu walifundishwa kujisemea maneno waliyoyachagua wenyewe, baada ya wiki mbili wakadumu kwa asilimia 18 zaidi. Nusu nyingine walibaki pale pale.

#33 Mvuta Kamba
Kwa hiyo niingie uwanjani naongea na mimi mwenyewe kwa jina? Wizara watanipeleka likizo ya ugonjwa.

#34 Kimbia Iten
#32 hiyo ya baiskeli naiamini kwa sababu ni uvumilivu. Dada wa GS hahitaji kudumu, anahitaji kutulia. Mambo mawili tofauti. Maneno ya kukuamsha yanaweza kumtetemesha mtu anayelenga.

#35 Utopolo Original
Wote mnasema kichwa, mbona hamwataji Makolo (Simba)? Casablanca 2023, robo fainali, Wydad, mikwaju. Redio ilikuwa inapiga taarab.

#36 Mnyama Damu
Na nyinyi Yanga, Pretoria Aprili 2024 nani alitolewa na Sundowns kwa mikwaju 3-2? Ilikuwa ngoma ya asili? Kaa kimya mkuu.

#37 Kimbia Iten
Msigombane, na sisi Kasarani Agosti 2025 Madagascar walitutoa CHAN kwa mikwaju, nyumbani kwetu. Tuko wote kwenye hii matatu.

#38 Mama Wawili GD
Rudini kwenye mada. Kuna jambo halijasemwa: mazoezi yake hayana kelele. Anafunga peke yake, hakuna anayemtazama, hakuna cha kupoteza. Sisi kocha wetu alikuwa anatukalisha wote kuzunguka duara, kila mtu anapiga kelele, GS anarusha akiwa amekimbizwa kwanza mpaka anahema, akikosa timu nzima inakimbia kwa ajili yake. Tulimchukia yule kocha. Lakini GS wetu kwenye mechi alikuwa anaona kelele za kawaida.

#39 Mjomba Pingamizi
Na wangapi waliacha netiboli kwa hayo mazoezi?

#40 Mama Wawili GD
Wapo. Sikatai.

#41 Dada wa GS
Wakuu asanteni, nimesoma zote. Wikiendi tulikuwa na mechi ya kirafiki. Nilichukua "ringi" ya #6 na "ruka" ya #23. Ruka imenisaidia, nimeokota mipira yangu na kocha kashangaa. Ringi sijui. Robo mbili za kwanza ilikwenda sawa. Robo ya tatu nikakosa, redio ikarudi ikiwa na maneno mapya: "Hujasema ringi. Sema ringi. Umechelewa kusema ringi."

Tulishinda lakini, GA wangu (mfungaji mwenzangu) alifunga sana.

#42 Mvuta Kamba
🤣🤣🤣 Hiyo redio yako imejiunga na jukwaa hili, inasoma uzi.

#43 Kocha wa Mchangani
Wiki moja haitoshi dada. Neno bado ni geni, linajitangaza. Endelea mwezi huu wote.

#44 Mjomba Pingamizi
Au liache. Vuta pumzi, tazama ringi, usiseme kitu. Mimi naona mnamwongezea maneno mtu ambaye shida yake ni maneno.

#45 Kipa_Mstaafu
Mjomba, "usiseme kitu" ndiye yule dubu.

#46 Mvuta Kamba
Mimi niwaambie kwetu kwenye kamba. Tuko 8, na hakuna mwenye redio ya kwake kwa sababu mhimizaji pembeni anaita na sisi tunavuta kwa sauti yake. Ukiwaza chako umeshachelewa, umebururwa. Labda netiboli mtafute mtu wa kumwitia GS kutoka nje.

#47 Mama Wawili GD
Benchi wanaita sana tu. Tatizo wanaita wote kwa pamoja, kila mmoja lake, na kocha juu yao.

#48 Mzee wa Siti ya Nyuma
Mvuta Kamba nimekumbuka, mwaka ule mliburuzwa na akina mama wa wizara ya jirani kwenye mazoezi. Mhimizaji alikuwa wapi?

#49 Mvuta Kamba
Uwanja ulikuwa na umande. Viatu vilikuwa vya ofisini. Naomba mods waufunge uzi.

#50 Mnyama Damu
Usifungwe, bado hatujamalizana na #35 habari ya Pretoria.